Muulize Fundi: Honi ya kupiga hodi

Barua nne za mwezi huu zinahusu honi, nami nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu jambo lake nimekuwa nalo moyoni miaka mingi.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa chekechea, naishi Tabata, naendesha kigari kidogo cha Kijapani. Njia ya kuingilia shuleni ni nyembamba na asubuhi imejaa watoto, wazazi na wauza vitumbua. Nikigusa honi watoto wanaruka kama wamechomwa sindano, na kuna mama alinijia juu mbele ya wanafunzi wangu. Nisipoigusa, hakuna anayejua kwamba nipo nyuma yake. Nafungua kioo nasema "jamani samahani", lakini sauti yangu haifiki. Je, hakuna honi ya upole? Hii iliyopo haiwezi kupunguzwa?
— Mwalimu, Tabata

JIBU: Marahaba mwalimu. Nianze na hilo la kupunguza, maana utakutana na mafundi watakaokuambia lete elfu kumi tukupunguzie. Usiwape.

Wiki iliyopita nilifungua honi ya gari kama lako hapa gereji, Magomeni. Ni kikopo cha bati, upana wake kama kisosi. Mgongoni ina skrubu ndogo iliyozibwa kwa gundi kiwandani. Ndani kuna koili ya waya wa shaba, kiwambo cha chuma chembamba, na pointi mbili zinazogusana. Ukibonyeza kwenye steringi, umeme unapita kwenye koili, koili inakuwa sumaku, inakivuta kiwambo. Kiwambo kikivutika kinaziachanisha pointi, umeme unakatika, kiwambo kinarudi mahali pake, pointi zinagusana, kinavutwa tena. Hayo yote yanatokea mara 400 hivi katika sekunde moja. Magari mengi yana honi mbili, moja nene ya hiyo 400 na nyingine nyembamba ya karibu 500, na zikilia pamoja ndipo unapata ule ukali unaopenya kioo kilichofungwa.

Sasa ile skrubu ya mgongoni ukiikaza au ukiilegeza hupati sauti ndogo. Unapata honi inayokoroma, au iliyonyamaza kabisa. Ukiweka rezista, kile kifaa cha kupunguza umeme, kwenye waya, sumaku inakosa nguvu ya kukivuta kiwambo na unarudi kwenye mkoromo ule ule. Na hata ingewezekana, nisingekufanyia. Siku lori litakapoanza kurudi nyuma kukufuata wewe na watoto, utaihitaji honi hiyo na ukali wake wote.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa ambayo watengenezaji wengi wanaifuata inataka honi ya gari, ikipimwa mita 2 mbele yake, iwe kati ya desibeli 105 na 118 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ni nyingi mno kwa mtu aliye karibu. Lakini sauti inachoka njiani: kila umbali unapozidi mara mbili, inapungua desibeli 6 hivi. Honi ya 110 kwa mita 2, ukifika mita 64 imebaki 80, na hapo kuna muungurumo wa injini, redio na kelele za barabara. Kwa hiyo aliyeitengeneza alimfikiria dereva aliye mbali, vioo juu, redio wazi. Sisi tunaipiga kwa mtoto aliye hatua mbili mbele ya bampa. Chombo ni kimoja, na kimepewa kazi mbili zisizofanana hata kidogo.

Ukali wenyewe una asili yake. Mmarekani Miller Reese Hutchison alianza kwa kutengeneza kifaa cha umeme cha kuwasaidia watu wenye usikivu hafifu, na Malkia Alexandra wa Uingereza alikuwa mmoja wa waliokitumia. Baadaye akabuni honi ya bamba la chuma linalokwaruzwa na gurudumu lenye meno, ikaingia sokoni mwaka 1908 kwa jina la Klaxon, neno lililotolewa kwenye Kigiriki, maana yake kupiga ukelele. Wakati ule magari yalikuwa na kengele na honi za mpira wa kuminya kwa mkono, nazo hazikusikika mbali. Ukelele ulikuwa dawa ya tatizo hilo. Lile lingine, la mtu aliye karibu, halikupata wa kulishughulikia.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 wa usafiri wa barabarani umejaribu. Unataka honi iwe na nguvu ya kutosha, sauti yake iwe moja na isiyokatika, lakini isiwe ya kukwaruza masikio. Unataka pia ipigwe kwa kuepusha ajali, na isirefushwe kupita inavyohitajika. Nimeendesha magari ya wateja barabara ya Morogoro kwa miaka 27. Sentensi hiyo ningetamani kuiona imebandikwa Ubungo, mahali taa nyekundu inapowakuta madereva.

Nikueleze kwa nini jambo hili linanigusa. Baba yangu alikuwa hamali Unguja, akisukuma mkokoteni kutoka bandari ya Malindi hadi Darajani, gunia za mchele zimepandana kumzidi kimo. Mkokoteni hauna breki. Kwenye mteremko aliuzuia kwa visigino, mwili umelala nyuma. Vichochoro vya Mji Mkongwe unavijua, baraza huku, ukuta huku, na watu wamejaa. Na mtu yule asiye na breki alikuwa akiita, "Simileee!" Anaanza mbali, anaivuta ndefu, ili aliye mbele apate muda wa kusogeza ndoo au kumshika mtoto mkono. Akikaribia anaikata fupi, "Simile, simile bibi." Akishapita anasema ahsante bila kugeuka, maana akigeuka mzigo unaanguka. Utotoni nilitembea nyuma yake nikiokota punje zilizomwagika, na sikumbuki kumwona mtu aliyeshtuka.

Mwaka 2014 nilifunga honi ya upepo kwenye lori la mteja. Nikalitoa barabarani Manzese kulijaribu. Mbele yangu pembeni palikuwa na mama wa makamo, kabeba beseni la maandazi kichwani, amemshika mjukuu mkono. Sikuwa na haja ya kumwondoa, njia ilikuwepo. Nilibonyeza tu nisikie kazi yangu. Beseni likaenda kwenye mtaro na mtoto akaanguka akachubuka goti. Nilishuka nikamlipa maandazi yake yote. Alizipokea zile pesa, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniangalia. "Baba, mimi nakusikia. Masikio yangu mazima." Hakusema zaidi. Lile lori nililirudisha gereji nikalivua honi ile, na tangu siku hiyo sijafunga nyingine ya aina yake kwa gari la mjini.

Ndipo nilipoanza kujaribu, jioni, kazi za wateja zikiisha. Nilianza na sauti ya mtu. Nilimrekodi binti yangu akisema "samahani, naomba njia", nikaiweka kwenye spika ndogo nyuma ya shoo, yaani ule wavu wa mbele ya gari. Haikufaa. Watu walisimama katikati ya njia wakimtafuta huyo dada. Nikajaribu king'ora kidogo cha malori yanayorudi nyuma, watu wakadhani narudi nyuma, wakakimbilia mbele ya gari, hatari kubwa. Nikafunga honi ya pikipiki. Ni ndogo, lakini bado inamrusha mtu, na hapo nikajifunza jambo: kinachoushtua mwili, mbali na ukubwa wa sauti, ni ghafla yake. Honi ya sumaku inaanza yote kwa mkupuo. Simile ya baba ilipanda.

Sasa ninachofunga ni hiki. Spika ndogo isiyoingia maji, nyuma ya shoo, imeinamishwa kidogo mvua isiijaze. Kisakiti kinachotoa sauti mbili, ya chini kisha ya juu kidogo, kama kengele ya mlangoni, na kila moja inapanda taratibu badala ya kuruka. Nimeipima kwa programu ya simu, mita 2 mbele, inakaa kwenye desibeli 70 hivi, wakati mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Baada ya nusu sekunde inajikata yenyewe hata ukiacha kidole pale pale, na ili ilie tena lazima uachie ubonyeze upya. Hilo la kujikata ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana hasira ya dereva iko kwenye kidole kinachoganda. Waya wake ni wa peke yake, wenye fyuzi ya ampea 5. Honi ya kiwandani siigusi hata nati moja, na askari wa trafiki akitaka kuikagua ataikuta inalia kama ilivyotoka Japani.

Swichi naiweka karibu na mkono wa indiketa, yenye kichwa cha mviringo chenye mikunjo, tofauti na steringi, ili kidole kiijue gizani. Wateja wangu wanaiita "hodi". Jina hilo sikulibuni mimi, ni dereva wa teksi wa Kigogo aliyeanza, nalo limekaa.

Wazo la sauti mbili kwenye gari moja si langu peke yangu. General Motors walipoleta Chevrolet Volt mwishoni mwa 2010, waliweka kitufe kwenye ncha ya mkono wa indiketa, cha mlio mdogo wa kumjulisha mtembea kwa miguu, na honi kubwa ikabaki kwenye steringi. Nilipolisoma hilo nilifurahi kama niliyepata ndugu. Sielewi kwa nini magari yote hayana.

Kwa njia yako ya shule, mwalimu, piga hodi ukiwa mbali kidogo, mguu ukiwa kwenye breki. Subiri. Piga ya pili. Wape watu muda wa kugeuka wakuone usoni. Kama hodi ya tatu haijaitikiwa, zima papara, simama. Kwa mila zetu mtu aliyebisha mara tatu bila kujibiwa haingii kwa nguvu, na watoto wa chekechea ndio wenye nyumba pale.

Gharama: spika, kisakiti, swichi na waya vyote unavipata Kariakoo mtaa wa vifaa vya umeme. Fundi yeyote anayejua kuunga rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, anaweza kuifunga kwa nusu siku. Ukija kwangu njoo asubuhi, na gari liwe limepoa.

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Ndugu yangu ana matatu na ameweka honi ya muziki, anasema watu wanaipenda na haikasirishi mtu. Nasikia hata India serikali inataka honi zipige filimbi na tabla. Si hiyo ndiyo honi ya adabu unayoitafuta?
— Mdogo wa mwenye matatu

JIBU: Salamu zimefika, mdogo wangu. Habari ya India ni kweli. Mwaka 2021 waziri wao wa barabara, Nitin Gadkari, alisema anawaza sheria ya kufanya honi za magari zitumie sauti za ala za kwao: filimbi, tabla, fidla, harimoni. Kule malori mengi yameandikwa nyuma maneno ya kukuomba upige honi, kwa hiyo kelele ni donda la siku nyingi.

Mimi siikubali dawa hiyo. Muziki ni mtamu mara ya kwanza. Ukiusikia mara 60 kutoka kwa matatu 6 zilizokwama Kongowea, wimbo ule ule umeuchukia. Kuna na la usalama: anayesikia muziki hajui kama anaonywa au anatumbuizwa, na ndiyo maana kanuni zinataka sauti moja iliyonyooka. Kibaya zaidi, honi ya kupendeza inamwalika dereva aipige. Nimewaona. Anayeona haya kupiga honi kali haoni haya kupiga wimbo.

Kilichonivutia India ni cha polisi wa Mumbai, mwanzoni mwa 2020. Walifunga vipima sauti kwenye taa za barabarani, kelele za honi zikivuka desibeli 85 taa nyekundu inaanza kuhesabu upya. Ukipiga zaidi, utasubiri zaidi. Mwambie kaka yako honi ya muziki aiachie harusi.

SWALI: Fundi, jirani yangu anarudi saa 6 usiku kila siku na anapiga honi getini mpaka msichana wa kazi aamke. Nina mama mgonjwa na mtoto wa miezi 4. Nimemwambia kwa upole mara mbili, ananijibu "sasa nitafunguliwaje?" Nifanye nini?
— Nimechoka, Mbezi

JIBU: Pole sana, mpe mama pole zangu pia. Uingereza sheria inakataza kupiga honi kwenye maeneo ya makazi kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 1 asubuhi, isipokuwa pakiwa na hatari. Geti lililofungwa si hatari.

Lakini swali lake ni la haki, nami nalichukulia hivyo. Hana njia nyingine ya kufunguliwa. Kuna kengele za mlango zisizo na waya, zinauzwa bei ya kawaida madukani. Kitufe kinakaa ndani ya gari, karibu na kioo, kipokezi kinachomekwa kwenye soketi chumbani kwa yule binti. Akifika kwenye kona anabonyeza, nyumba yake pekee ndiyo inayosikia, na akifika getini limeshafunguka. Mnunulie wewe. Najua utasema kwa nini nimgharamie mtu anayeninyima usingizi, lakini mpelekee mchana, kwa mkono wako, na umwoneshe inavyofanya kazi. Mtu akishapewa jibu la "nitafunguliwaje" inakuwa vigumu kwake kurudi kwenye honi. Na mkumbuke yule msichana, naye anakatishwa usingizi kila siku. Jirani akiwa na ufunguo wa geti dogo, angemwacha alale.

SWALI: Fundi, mimi sioni. Natembea kwa fimbo nyeupe na masikio, Magomeni Mapipa hadi sokoni na kurudi. Pikipiki na bajaji za umeme zinanipa tabu. Haziungurumi, sizisikii mpaka ziko begani kwangu, halafu mpandaji anapiga honi sikioni. Baada ya honi ile nabaki sekunde kadhaa sisikii mtaro, sisikii watu, sijui nimeelekea wapi. Naogopa ukimya na naogopa honi. Ziko njia?
— Msomaji (nimeandikiwa na mwanangu)

JIBU: Ahsante kwa kuniandikia, na mshukuru mwanao kwa kusoma hili kwa sauti.

Ukimya huo umeshawasumbua wengine. Ulaya, tangu Julai 2019, aina mpya za magari ya umeme na yanayochanganya umeme na mafuta lazima yatoe sauti yanapoanza kutembea hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na yanaporudi nyuma. Mwaka 2021 ikawa kwa kila gari jipya la aina hiyo. Sauti inabadilika gari linapoongeza mwendo, ili anayesikiliza ajue kama linakuja kasi au linapunguza. Zaidi ya hapo matairi yenyewe yanasikika. Kasoro ni kwamba kanuni hiyo ni ya magari, pikipiki na bajaji hazimo, na kwetu hizo ndizo zinazopita kwenye bega la mtu.

Mpaka ziingizwe, nina dawa ndogo: kengele ya baiskeli, ile ya kidole gumba. Haiumizi sikio. Ila lazima ipigwe mapema. Pikipiki ikienda kilomita 15 kwa saa inamaliza mita 4 kila sekunde. Mpandaji akigonga kengele akiwa mita 20 nyuma yako, una karibu sekunde 5 za kusimama au kusogea, na masikio yako bado yako nawe.

Nimezungumza na vijana wa kijiwe kilicho jirani na gereji. Niliwasomea barua yako, wakanyamaza, mmoja akasema anakufahamu kwa ile fimbo na kwamba aliwahi kukupigia honi. Ameniomba nikufikishie samahani yake. Wawili wa pikipiki za umeme nimewafungia kengele juzi, wengine watatu watakuja wiki hii, sitawatoza. Tumekubaliana watagonga mara mbili kutoka mbali na watapita kulia kwako. Ukizisikia, inua fimbo kidogo, wajue umesikia, kisha endelea na njia yako.